Kicheko Mbele ya Mkwe

Nilipokwenda kujiandikisha masomo ya jioni pale Stratford, nilitaka uhasibu. Darasa la uhasibu lilikuwa limejaa hata sisimizi asingepata pa kukaa, na jioni yangu ya nafasi ilibakiwa na somo moja tu: fasihi ya Ulaya ya zama za Mwamko. Nikamuuliza mama wa mapokezi Mwamko ndio kitu gani. Akafikiri kidogo, akasema ni zile karne ambazo Ulaya iliamka usingizini. Nikamwambia basi niandike, maana mie nikitoka kazini huwa nalala nimesimama kama farasi, pengine nitaamka nao.

Kazi yangu ni stoo ya viatu. Nashusha maboksi, napanga maboksi, namtafuta wa kulia aliyeachana na wa kushoto. Mtu akitoka huko mgongo umepinda kama ndoana, hategemei kukaa chini kusoma habari za mapadri waliokufa zamani hata makaburi yao yameshazeeka. Lakini jioni ya kwanza tu mwalimu alitusomea hadithi, na nikacheka mpaka kiti kikanitupa. Sitii chumvi nyingi hapo. Kiti chenyewe kilikuwa na mguu mmoja mgonjwa.

Mwalimu wetu alikuwa mama wa Kiskochi, mwembamba, mwenye sauti ya kusimamisha treni. Alitueleza kwamba zama zile kanisa ndilo lililokuwa kila kitu: shule, mahakama, hospitali, na mlango wa peponi pia. Na mlangoni hakukosi bawabu anayetaka chochote. Kulikuwa na watu wakiuza vyeti vya msamaha wa dhambi kama wauzavyo nyanya, na watawa walioapa kuishi kifukara huku matumbo yao yakiwatangulia njiani. Waandishi wengi waliowasema watu hao walikuwa waumini, wengine wamelelewa humo humo katika nyumba za watawa, na kusimama hadharani ukasema “huu ni wizi” kulikuwa na hatari ya kuishia motoni kabla ya siku ya moto wenyewe. Basi walisema kwa kuchekesha. Wakambuni, kwa mfano, mtawa anayewakataza wanakijiji nyama wakati wa mfungo, kisha yeye anammwagia bata maji kichwani, anambatiza jina la samaki, na anamla kwa dhamiri nyeupe kama pamba.

Mie nilicheka. Jirani yangu hakucheka. Alikuwa mama wa Kikongo, kazi yake kulea wazee, Mkatoliki wa kushika rozari hata kwenye basi. Tulikaa pamoja kwa sababu ya Kiswahili, ingawa chake na changu ni kama ndugu waliolelewa nyumba mbili. Alinuna jioni nzima. Mwishowe akamwambia mwalimu, mbele yetu sote, kwamba padri aliyembatiza yeye alikufa akihudumia wagonjwa, na kama kusoma maana yake ni kucheka dini za watu, basi atahamia darasa la ushonaji.

Mwalimu hakubishana naye. Alimpa kazi. Alimwomba airudie hadithi ile nyumbani na atafute kitu kimoja tu: ni nini humo ndani ambacho mwandishi hakukicheka.

Alirudi wiki iliyofuata ameshika karatasi zake kama shahidi anayeingia mahakamani. Katika kijiji kile cha bata aliyeitwa samaki, alisema, kuna bibi mmoja mjane anayefunga kweli, na kipande chake cha mkate mkavu. Anaonekana mara chache. Lakini kila akiingia, mzaha unavua viatu mlangoni. Hakuna neno moja la kumbeza, wala la kuubeza mfungo wake.

“Huyu bwana anacheka mtawa,” aliniambia kwa Kiswahili, pembeni, “lakini Mungu hamugusi. Miye nilikasirika bure.”

Hapo ndipo na mie nilipoamka, kama nilivyoahidiwa mapokezi. Kumbe jambo lenyewe nalijua tangu Tanga. Kwetu msibani mtani huja akaigiza mwendo wa marehemu, akadai arudishiwe kofia yake aliyokwenda nayo kaburini, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka, na hakuna hata mmoja anayedhani kwamba kifo kinachekwa. Anachekwa mtu, na ubahili wake, na kofia yake. Kifo kinabaki pale pale. Na utani una mipaka ambayo kila mtoto anaijua: binamu unamtania, babu unamtania, shemeji unamtania mpaka alie. Mkwe humtanii. Mbele ya mkwe mtu hata chafya yake anaipeleka nje.

Kazi ya kufunga mwaka ilikuwa kila mmoja aandike hadithi yake kwa mtindo ule. Ichekeshe, ikosoe, na ibakishe kitu kisichochekwa. Tungezisoma mbele ya wageni, halafu kuna vitafunio. Nilijua papo hapo nitaandika nini. Nitaandika hitima, kile kisomo cha kumwombea marehemu.

Nilimwandika shehe mmoja wa London mwenye pua ya ajabu. Dua yake haikupimwa kwa saa, ilipimwa kwa jiko. Pilau likiwa halijaiva, humwombea kila kiumbe: wagonjwa, wasafiri, wanafunzi wenye mitihani, wenye kesi za viza, mpaka madereva wa treni waliogoma na abiria waliogomewa. Waumini mikono imekufa ganzi hewani. Lakini kifuniko cha sufuria kikifunuliwa tu huko jikoni, na ile harufu ya bizari ikapita chini ya mlango, shehe anakohoa kikohozi kimoja kifupi, na “Amin” inaanguka kama shoka.

Nyuma ya mlango wa jikoni nikamweka mjane. Mumewe ndiye anayesomewa. Amepika tangu alfajiri, na sasa amesimama ametega sikio asikie jina la mumewe likitajwa katika dua, maana ndicho alichopikia. Anaona pilau limeiva. Anafunua kifuniko kwa mkono wake mwenyewe. Na jina halikutajwa. Watu wanakula, wanasifu pilau, wanafungiwa na la nyumbani. Mjane anaosha masahani.

Niliiandika kantini, juu ya boksi la viatu vya mvua, nikicheka peke yangu hata msimamizi akaja kuuliza kama niko salama. Mwalimu aliipenda. Mama wa Kikongo alisema kwao shehe huyo anavaa kanzu ya padri, mengine yote ni yale yale. Nikajiona nimeshafika. Nikamwalika baba mkwe.

Inabidi nimweleze baba mkwe. Ni Mpemba, alifanya kazi gereji ya mabasi mpaka akastaafu, na sasa ndiye anayesalisha katika ukumbi mdogo nyuma ya maduka huko Thornton Heath. Nilipokwenda kuposa, mimi niliyekimbia shule mapema, ndugu zake waliniuliza nimesoma mpaka wapi, nikawa natazama zulia kama nimelifuma mwenyewe. Yeye ndiye aliyenijibia. Alisema huyu atasoma, umri anao. Tangu hapo kila Jumapili anakuja kwetu kula mchana, na kabla hajanawa mikono ananiuliza masomo, nami miaka mingi sikuwa na la kumjibu. Sasa ninalo. Nilipomwambia kuna jioni ya kufunga mwaka na nitasoma mbele ya watu, alimwambia kinyozi, akamwambia muuza nyama, akamwambia mama wa Kigana muuza ndizi. Nadhani hapakuwa na njiwa Thornton Heath asiyekuwa na habari.

Usiku ule mke wangu akaomba aisome hadithi. Aliisomea jikoni amesimama, akacheka mpaka akashika sinki kwa mikono miwili. Halafu ghafla akaurudia mstari mmoja kwa kidole.

“Huyu anayekohoa ni nani?”

Nikamwambia ni shehe mmoja wa Tanga, wa utotoni mwangu, keshakufa zamani, Mungu amrehemu.

Mke wangu alinyanyua mikono kama mtu anayeomba dua, akainamisha kichwa, akakohoa. Kikohozi kimoja, kifupi, cha kooni. Alikuwa ni baba yake mtupu.

Damu yangu yote ilishuka kwenye soksi. Miaka yote nimekaa mbele ya mzee yule kwenye hitima na maulidi, na kila anapokaribia Amin anakohoa hivyo hivyo. Sasa sikujua tena kile kikohozi nimekitoa Tanga au Thornton Heath. Na hata kama ni cha Tanga, nani angenisadiki?

“Hatagomba,” mke wangu alisema. “Laiti angegomba. Atanyamaza, basi, na Jumapili hatakuja.”

Niliyajua hayo. Kuna mpwa wake aliwahi kumjibu ovyo harusini, na mpaka leo mzee anamtumia salamu kwa kupitia watu. Kunyamaza kwake ni kurefu kuliko reli. Na kama angekataa kuja kwangu, asingekuwa amenikataa mie tu. Mke wangu angebaki katikati, baba huku, mume huku, na kiti kitupu mezani kila Jumapili.

Nikaanza kumfanyia shehe wangu operesheni. Nikamtoa kikohozi, nikampa chafya. Akawa shehe mwenye mafua, watu wangemwonea huruma. Nikampa saa ya mkononi awe anaichezea. Akawa mtu anayechelewa basi. Nikamfanya afumbe jicho moja, hapo ndipo ilipoharibika kabisa. Bila kile kikohozi pua yake haikuwa na mlango wa kutokea. Nikajaribu njia nyingine, nikampigia simu baba mkwe, nikamweleza kwamba treni za jioni siku hizi ni matatizo matupu, na mvua nayo, asijisumbue. Akanijibu kwamba amekula mkate wa usafiri wa mji huu nusu ya umri wake, na ikibidi atakuja asubuhi akae hapo hapo mlangoni.

Mama wa Kikongo nilimweleza wakati wa mapumziko, nikiwa nimesawijika kama niliyefiwa mimi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

“Ukitoa kikohozi, toa na shehe muzima,” akasema. “Halafu mujane atabaki pale peke yake analia, na nani atamusikiliza? Miye nilinuna juu ya padri wangu, na niko hapa bado. Soma.”

Siku ikafika. London ilikuwa na lile jua lake la mwanzo wa kiangazi linalokataa kwenda kulala, na ukumbi wote ulikuwa mweupe. Baba mkwe alikuwa mstari wa mbele kabla hata viti havijamaliza kupangwa: kanzu, koti la kijivu, kofia iliyoshonwa kwa mkono ambayo huivaa Idi tu. Nikampa shikamoo, akanijibu marahaba, akaniuliza kama nimekula. Nilitaka ardhi ipasuke, na ikishapasuka inifunike vizuri.

Zamu yangu ilipofika nilisimama nikasoma, kwa Kiingereza, kile Kiingereza changu cha jioni. Watu walianza kucheka kwenye kesi za viza. Wakacheka zaidi kwenye mgomo wa treni. Mie nilikuwa namtazama mtu mmoja tu, na uso wake ulikuwa kama duka lililofungwa. Nilikuwa nimeshaamua: nikifika kwenye kikohozi nitakiruka, nitakwenda moja kwa moja kwenye Amin, hakuna atakayejua. Basi nikafika. Kifuniko kikafunuliwa, harufu ikapita chini ya mlango, nikameza mate ili niruke, na koo langu, likiwa kavu kama unga, likakohoa lenyewe. Kikohozi kimoja. Kifupi. Ukumbi ukapasuka. Walidhani ni uigizaji. Mzee mmoja wa Kiingereza alipiga goti lake kama ngoma, na mwalimu mwenyewe alikuwa anafuta macho.

Baba mkwe alitazama chini.

Halafu akaingia mjane, na kile kicheko kikafifia. Sikufanya kitu, nilisoma tu. Nilipofika pale jina lilipokosekana, ukumbi ulinyamaza hata nikasikia projekta ikipumua. Masahani yakaoshwa. Nikakaa. Wakapiga makofi, makofi mengi, nadhani yalisikika mpaka baharini, lakini mstari wa mbele kiti kimoja kilikuwa kitupu. Baba mkwe alikuwa amesimama na kutoka. Na sambusa zilikuwa ndio kwanza zinaletwa. Katika historia nzima ya Wapemba wa London, sidhani kama kuna mtu aliyewahi kutoka wakati sambusa zinaingia, ila kwa hasira.

Nilimkuta nje, koti amelifunga vifungo vyote. Akasema nimsindikize. Kumsindikiza mkwe ni lazima, hata kama unasindikizwa wewe kwenye hukumu, basi tukaenda. Tukapanda treni, tukabadilisha katikati ya mji, tukapanda nyingine, na mzee hajatia neno. Mie kichwani nilikuwa natunga maneno ya kuomba radhi, nayatunga, nayabomoa. Mke wangu alikuwa zamu ya jioni katika nyumba ya kutunzia wazee. Simu yangu ilikuwa inatetemeka mfukoni kama mwenyewe.

Mto ulipobaki nyuma yetu, akaanza kusema. Alikuwa akitazama dirishani.

“Yule shehe wako anakohoa kama mimi.”

“Baba, wallahi, mie nilikusudia...”

“Mimi nakohoa kwa kifua,” akasema. “Yule wa kwako anakohoa kwa pilau. Usituchanganye.”

Nikamtazama. Pembe ya sharubu yake ilikuwa imetikisika, au ni treni ilitikisika, sikuwa na hakika. Hakuna aliyewahi kunifundisha mtu anafanya nini akitaniwa na mkwe. Nilitoa sauti kama birika linaloanza kuchemka, kisha nikaimeza.

Akaendelea, taratibu, kama anayezungumza na kile kioo. Alisema watu kama yule shehe anawajua, na hawahitaji kwenda mbali kuwatafuta. Pua hata yeye anayo. Kuna siku mikono iko juu na ulimi unaomba lakini tumbo limeshatoka limekwenda jikoni, na mtu lazima alishike mkia alirudishe. Kucheka hilo hakuna ubaya, alisema. Laiti wangechekwa mapema, pengine wangefundishika. Kisha akanigeukia kwa mara ya kwanza tangu Stratford.

“Lakini yule marehemu. Jina lake nani?”

“Hana jina, Baba. Nimembuni.”

“Najua umembuni, mimi si mtoto. Nakuuliza kwa sababu yule mama umemwacha. Watu wamekula wameondoka, wageni wako wamepiga makofi, na yeye bado yuko nyuma ya mlango.”

Mwaka mzima nimefundishwa kutafuta kile kisichochekwa, nimekitafuta, nimekiandika, nimepigiwa makofi, na haikunijia hata mara moja kwamba kuna mtu atakisikia kisha akataka kukifanyia kitu.

“Wako wengi,” akasema baba mkwe. “Waliorukwa.”

Akanyanyua mikono pale pale ndani ya behewa, katikati ya watu na waya zao za masikioni na baiskeli moja iliyoegemea mlango. Akawaombea kwa sauti ya chini maiti wote waliorukwa majina mbele ya chakula, Mungu ndiye anayewajua, na kila mwanamke aliyesimama jikoni akasubiri. Na mie nikanyanyua yangu. Haikuwa dua ndefu. Mama aliyekaa mbele yetu na mifuko yake ya supamaketi aliteremsha simu akatazama magoti yake mpaka tulipomaliza. Nikasema amin, na nadhani ndiyo amin niliyoisema nikiwa macho kuliko zote maishani mwangu.

Tulipokaribia kushuka nilijipa moyo. Nikamuuliza, Baba, kama hukukasirika, kwa nini ulitoka hata sambusa hukuonja?

Akanitazama kama ninavyomtazama kibarua mpya wa stoo anayeuliza kiatu cha kulia kinavaliwa wapi.

“Nilitoka nikacheke,” akasema. “Uliponikohoa vile nilijishika, mbavu zinaniuma mpaka sasa. Ulitaka nicheke pale, mbele ya mkwe?”

Nilimfikisha hadi mlangoni kwake, na jua lilikuwa bado limesimama juu ya mapaa. Akanitakia usiku mwema, akaniambia nimwambie mwanawe Jumapili asipike pilau, amelishiba la kwenye karatasi, anataka wali wa nazi na samaki. Mlango ukafungwa. Nikasikia huko ndani mtu mzima anacheka peke yake, anakohoa, anacheka tena.

Nikapokea simu nikiwa bado pale kwenye ngazi. Mke wangu hakunisalimia, aliuliza tu kasemaje. Nikamwambia Jumapili anakuja. Nikasikia akiachia pumzi ambayo nadhani alikuwa ameibana tangu zamu yake ilipoanza, na nyuma yake mzee mmoja wa nyumba ile anayofanyia kazi akimuuliza kwa Kiingereza kama kuna habari njema. Akamjibu ndiyo, baba yangu anataka samaki.